Yeager hakubomoa ukuta wowote angani

Taja 14 Oktoba 1947, siku Chuck Yeager, rubani wa majaribio wa Marekani, alipoipita kasi ya sauti kwa ndege ya Bell X-1, na jibu ni lilelile: walifunga injini kubwa, wakaupasua “ukuta wa sauti”. Hapana. Risasi zilikuwa zikiipita kasi hiyo tangu zamani, na roketi ya V-2 ya Wajerumani ilishaipita mwaka 1942. Shida ilikuwa mkia.

Ndege inapokaribia Mach 1, yaani kasi ya sauti yenyewe, hewa inayopita juu ya bawa huifikia kasi ya sauti kabla ya ndege yenyewe, na hapo wimbi la mshtuko hujitokeza. Kwenye mkia wa Bell X-1 wimbi hilo lilikaa penye bawaba za elevata, kile kipande cha nyuma kinachopanda na kushuka. Kwa mwendo wa kawaida, elevata ikiinama kidogo tu, shinikizo hubadilika kwenye mkia mzima. Wimbi likishakaa pale, mabadiliko hayo hayawezi kusafiri kwenda mbele, na elevata inabaki kuchapa hewa bure. Katika safari ya majaribio iliyotangulia, Yeager alipofika Mach 0.94 alivuta usukani na pua haikuitika.

Mhandisi Jack Ridley ndiye aliyesema: achana na elevata, geuza bawa zima la mkia, sehemu ya digrii kwa sehemu ya digrii. X-1 ilikuwa imeundwa na uwezo huo. Mabawa nayo yalikuwa membamba, unene asilimia 8 ya upana wa mbele hadi nyuma, na ya mkia asilimia 6, ili mawimbi yasiyakamate yote kwa pamoja. F-86E na ndege za kivita zilizofuata zikarithi mkia unaogeuka mzima. Anayefundisha tukio hili bila kuutaja mkia, afadhali anyamaze.

Halafu kuna wabishi wa kikokotoo: sauti huenda kilomita 1,225 kwa saa, Yeager alifika kama 1,127, basi hakuvuka. Hiyo 1,225 ni ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15 za Selsiasi. Kasi ya sauti hufuata joto. Yeager alikuwa kwenye mita 13,000 hivi, ambako joto la kawaida ni kama nyuzi 56 chini ya sifuri na sauti huenda kilomita 1,062. Gawa mwenyewe: Mach 1.06. Ukinukuu kilomita, nukuu na kimo.

Na kuna madai mengine ya ndege yanayorudiwa bila kuchunguzwa. “Mshindo wa kuipita sauti hulia mara moja tu, ndege inapovuka.” Si kweli. Ndege huuburuta njia nzima maadamu iko juu ya Mach 1. Wewe uliye chini unausikia unapokupitia. Na lile wingu jeupe la kwenye picha ni unyevu tu, hutokea hata kabla ya Mach 1.

“Marekani ndiyo ya kwanza kuwa na jeshi la anga linalojitegemea.” Siku ya Yeager jeshi hilo lilikuwa na siku 26. La Uingereza lilianza 1 Aprili 1918.

“Mabomu ya ndege yalianza Vita vya Kwanza vya Dunia.” Mwitaliano Giulio Gavotti aliyadondosha kwa mkono huko Libya, 1 Novemba 1911.

“Ndege za jeti ziliingia vitani Korea.” Meteor za Uingereza zilikuwa zikiwinda makombora ya V-1 kuanzia Julai 1944.