Mapambo ya Visima vya Tissington Si Michoro ya Rangi

Wengi wakiona mapambo ya visima vya Tissington, kijiji cha Derbyshire nchini Uingereza, yaani mbao zenye picha zinazosimamishwa visimani, hudhani picha hizo zimechorwa kwa brashi. Sivyo. Kila rangi ni petali, jani au mbegu iliyobanwa kwenye udongo mbichi.

Ubao uliopigiliwa misumari hulowekwa majini siku kadhaa. Ukiachwa mkavu, utanyonya maji ya udongo na picha itapasuka. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na chumvi ili usikauke upesi, kisha hupakwa kwa unene wa sentimita 2 hivi. Misumari huushikilia udongo huo ubao ukisimamishwa. Mchoro wa karatasi hutandikwa juu, mistari ikatobolewa kwa pini na kufuatishwa kwa mbegu au buni.

Petali ndizo kazi yenyewe, na zinastahili heshima kuliko zinavyopewa. Hupangwa kutoka chini kwenda juu, kila moja ikilalia iliyo chini yake kama makuti ya paa, ili mvua iteremke. Ukianzia juu, maji hupenya nyuma yake nazo huoza. Wanakijiji huzibandika moja moja, siku chache kabla ya Sikukuu ya Kupaa kwa Yesu, siku ya kuonyeshwa mapambo, maana pambo hudumu takriban wiki moja tu.