Amri za Linux zikihamia Windows: panapovunjika ni wapi

Swali ninaloulizwa zaidi katika kazi yangu ni hili. Mtu ana skripti, yaani faili la amri zinazofuatana, inayofanya kazi vizuri kwenye seva ya Linux, na anataka ifanye kazi ileile kwenye kompyuta za Windows za ofisini. Ndani yake mna grep, sed, sort, find na awk, yaani amri ndogo za kutafuta, kupanga na kuhariri maandishi na mafaili, na zote zina matoleo ya Windows, tena ya bure. Anazipakua, anaendesha skripti, majibu yanatoka pungufu au ya ajabu, na pengine hata ujumbe wa kosa hauonekani. Hapo ndipo anaponiuliza kama hiyo grep ni mbovu.

Mara nyingi si mbovu. Kuikompaili grep, yaani kugeuza kodi yake kuwa programu, iwe ya Windows hakusumbui siku hizi. Kinachosumbua ni makubaliano ambayo programu ilikuwa nayo na mfumo wake wa zamani, tena mengi hayakuandikwa popote ndani ya kodi yake: nani anafasiri alama ya nyota, mstari unaishaje, programu moja inaizaje nyingine. Ukihamisha programu bila makubaliano hayo, umehamisha nusu.

Tuanze na nyota. Ukiandika `wc -l *.csv` kwenye Linux, wc, amri inayohesabu mistari, haiioni ile nyota kabisa. Sheli, programu inayopokea amri unazoandika, ndiyo inayoisoma, inatafuta mafaili yanayolingana, kisha inaikabidhi wc majina yake, kila jina likiwa limetengwa na mwenzake. Kwenye Windows, cmd, sheli yake ya zamani, huikabidhi programu ulichoandika kama kilivyo. Na chini ya cmd, mfumo wenyewe haupitishi majina yaliyotengwa: CreateProcess, mwito wa Windows wa kuanzisha programu, hupokea mstari mmoja mrefu wa maandishi, usiozidi herufi 32,767, na kila programu hujikatia vipande yenyewe. (Ukiandika ndani ya cmd kikomo ni kidogo zaidi, herufi 8,191.) Kwa hiyo anayeihamisha wc lazima ahakikishe upanuzi wa nyota umo ndani ya wc. MinGW, kompaila ya bure ya Windows, kwa kawaida huuweka bila kuombwa. Kompaila ya Microsoft huuweka pale tu unapoiambia iunganishe setargv.obj. Asipofanya hivyo, anakuachia wc inayotafuta faili ambalo jina lake lina nyota, na jina la namna hiyo Windows hairuhusu kabisa.

Alama za nukuu nazo ni hivyohivyo. Chukua amri hii:

`grep 'jumla kuu' mauzo.csv`

Kwenye bash, sheli ya kawaida ya Linux, grep inapokea maneno mawili kama kitu kimoja. Ibandike kwenye cmd na nukuu moja si nukuu tena, ni herufi kama herufi nyingine. Grep itatafuta `'jumla`, na itaitafuta ndani ya mafaili mawili: `kuu'` ambalo halipo, na `mauzo.csv`. Kwenye Windows tumia nukuu mbili, nazo bash inazielewa pia, mradi ndani yake hamna alama yenye maana maalumu, kama ya dola.

Sisi tunaoyapa mafaili majina ya Kiswahili tuna kesi yetu hapa, nayo ni ritifaa. Faili linaloitwa `Ng'ombe wa maziwa.csv` halina tatizo lolote kwenye Windows. Lilete kwenye seva ya Linux, andika `ls | xargs wc -l`, na xargs, inayochukua majina na kuyakabidhi kwa amri nyingine, itasimama ikilalamika kwamba kuna nukuu iliyofunguliwa bila kufungwa, maana imeichukua ritifaa ya ng'ombe kuwa mwanzo wa nukuu. Hata bila ritifaa, nafasi zilizomo kwenye jina zingelikata vipande vitatu. Dawa yake ni moja:

`find . -name "*.csv" -print0 | xargs -0 wc -l`

Majina hutenganishwa kwa baiti ya sifuri, ambayo haiwezi kuwemo ndani ya jina la faili, na xargs huacha kuzijali nukuu. Ninaiandika hivi hata kwenye folda ambayo leo ina majina mepesi, kwa sababu kesho mtu ataweka faili la Ng'wanza humo.

Ila usiibandike amri hiyo kwenye cmd ukitarajia jibu lilelile. Windows ina find yake tangu enzi za DOS, na kazi yake ni kutafuta maneno ndani ya mafaili, si kutafuta mafaili. Ina sort yake pia. Itakayoitikia ni ile iliyotangulia kwenye PATH, orodha ya folda ambamo programu hutafutwa, na kwa kawaida System32, folda ya Windows yenyewe, ndiyo iko mbele. Kwenye skripti za Windows mimi huita find ya GNU, yaani ile ya Linux, kwa njia yake kamili, tangu C: hadi find.exe. Haipendezi machoni, lakini haina utata. PowerShell 5.1, sheli mpya zaidi ya Windows, imeongeza mtego wake: ndani yake curl (amri ya kupakua kutoka mtandaoni) si curl, ni jina la utani la Invoke-WebRequest. Curl halisi imo ndani ya Windows 10 tangu 2018, pamoja na tar, lakini lazima uandike `curl.exe` ndipo uipate.

Sasa baiti zenyewe, na hapa ndipo data inapoharibika kimyakimya. Linux hufunga mstari kwa baiti moja, LF. Windows hutumia mbili, CR na LF. Maktaba ya C ya Windows hujaribu kuficha tofauti hiyo: faili likifunguliwa kwa hali ya maandishi, ambayo ndiyo hali ya kawaida, CR LF hugeuzwa LF wakati wa kusoma, na LF hugeuzwa CR LF wakati wa kuandika. Zaidi ya hapo, baiti yenye thamani 26, yaani Ctrl-Z, huhesabiwa kuwa mwisho wa faili. Kwa maandishi matupu hilo linavumilika. Kwa picha ni maafa.

Faili la PNG huanza na baiti nane: 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A. Zitazame kwa makini. Ya tano na ya sita ni CR LF, ya saba ni Ctrl-Z, ya nane ni LF peke yake. Waliobuni PNG walizipanga hivyo kwa makusudi, ili faili likipita kwenye programu inayochezea miisho ya mistari, uharibifu uonekane papo hapo. Sasa chukua cat, amri inayosoma faili na kulitoa lilivyo, iliyohamishwa na mtu ambaye hakubadili hali ya maandishi, uandike `cat picha.png > nakala.png`. Cat itasoma hadi Ctrl-Z, itaamini faili limeisha, na nakala itakuwa na baiti sita tu, hata picha yako ikiwa na megabaiti kumi. Hakuna kosa litakalotajwa. Katika kodi, tiba ni mistari miwili ya `_setmode` yenye `_O_BINARY`, mmoja kwa ingizo na mmoja kwa tokeo. Kipimo cha kwanza ninachokipa toleo lolote la Windows la amri ya Linux ni hiki: pitisha PNG ndani yake, kisha linganisha ukubwa.

PowerShell 5.1 ina lake hapa pia. Alama ya `>` huandika UTF-16, mfumo mwingine wa kusimba herufi, si baiti ulizozitoa. Mpaka toleo la 7.4 ndipo PowerShell ilipoanza kupitisha baiti kama zilivyo kutoka programu moja hadi nyingine.

Kuhusu programu kuizaa nyingine: Unix, mfumo ambao Linux huufuata, ina fork, ambayo hunakili mchakato mzima ulivyo. Windows haina kitu hicho kwa programu za kawaida. Cygwin, mazingira ya Unix ndani ya Windows yaliyoanzishwa na Steve Chamberlain mwaka 1995 akiwa kampuni ya Cygnus, huiigiza: huanzisha mchakato mpya uliosimamishwa, kisha huujaza kumbukumbu ya mzazi wake. Ni kazi ya kupendeza kihandisi, nami naiheshimu sana, lakini ni nzito. Skripti inayoita sed mara elfu kwenye kitanzi, ambayo Linux huimaliza kabla hujajua, huko hukokota.

Waliolielewa hili vizuri kuliko wote ni watu wa Git, programu ya kutunza historia ya kodi. Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya Git ilikuwa skripti za sheli na Perl, na watumiaji wa Windows waliumia. Hawakuridhika kuboresha uigizaji peke yake. Waliziandika upya sehemu hizo kwa C, hatua kwa hatua, huku Johannes Schindelin wa Git for Windows akibeba mzigo mkubwa. Amri yake ya rebase ikawa ya C mwaka 2018, ile ya stash mwaka 2019, na wenye Linux nao wakanufaika na kasi. Nikiulizwa mfano wa kuhamisha programu ipasavyo, huo ndio ninaoutoa.

Git for Windows hukuletea pia bash yake, inayotokana na MSYS2, ndugu ya Cygwin, na hiyo ina tabia ya kukisia mapema. Kigezo kikianza na mkwaju, huamini ni njia ya Unix na kukigeuza kiwe cha Windows kabla ya kukipeleka kwa programu ya Windows. Ndiyo maana `docker run -w /app` huishia kutafuta `C:/Program Files/Git/app` ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ambamo docker huendeshea programu. Tanguliza `MSYS_NO_PATHCONV=1` na tatizo linakwisha.

Kama unachotaka ni kuzitumia amri hizi, si kuzigawa kwa wengine, usihangaike na yote haya: weka WSL 2, Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Ile ya kwanza, ya 2016, ilikuwa ikitafsiri miito ya Linux. Ya pili inaendesha keneli halisi ya Linux, yaani kiini chenyewe cha mfumo, kwa hiyo makubaliano yote yapo mahali pake. Sharti langu ni moja tu, weka mafaili yako upande wa Linux. Kila ukigusa `/mnt/c`, yaani diski ya C ya Windows, unavuka mpaka wa mifumo miwili, na kazi yenye mafaili mengi madogo itapungua kasi waziwazi.

Wenye Mac wasijione wamesalimika. Sed yao ni ya BSD, tawi jingine la Unix, na `sed -i 's/a/b/' faili.txt` huko inachukua `s/a/b/` kuwa mkia wa jina la nakala rudufu, kisha inajaribu kulisoma jina la faili kama amri. Andika `sed -i.bak`, itakubalika kote kuwili. Kwa date, amri ya tarehe, hakuna njia ya pamoja: GNU inataka `date -d yesterday`, BSD inataka `date -v-1d`. Skripti ikihitaji hesabu za tarehe na lazima iende pande zote, hesabu hizo mimi nazipeleka kwenye Python.