SSD ndogo ya kache kwenye laptopu: namna ya kuitambua, kuitenganisha na kuibadilisha

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu iliyokuwa inakataa kufika Windows, na pamoja nayo kadi ndogo ya kijani aliyoifunga kwenye karatasi ya daftari. "Fundi, nimeambiwa hiki kidude hakina kazi," alisema. Fundi aliyemhudumia kabla yangu alikuwa ameichomoa kadi hiyo ili aweke nyingine yenye nafasi kubwa zaidi, na tangu siku hiyo mashine ilikuwa ikiishia kwenye skrini nyeusi. Kidude hicho kilikuwa SSD (diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 24 inayotumika kama kache, yaani hifadhi ndogo ya haraka, na ndani yake zilikuwamo taarifa ambazo hadi diski (hard disk, diski kuu ya sahani zinazozunguka) ilikuwa bado haijazipokea.

Mwaka 2011 Intel walitoa teknolojia waliyoiita Smart Response, na katika miaka michache iliyofuata laptopu nyingi ziliuzwa zikiwa na hadi diski ya GB 500 pamoja na SSD ya GB 24 au 32 pembeni yake, kwa sababu SSD kubwa ilikuwa bado ghali mno. Hadi diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika huzunguka mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo kila inapotafuta taarifa husubiri wastani wa milisekunde tano na nusu ili sahani ifike mahali panapotakiwa, na hapo hatujahesabu muda wa kichwa chake kusogea. SSD haina sahani wala kichwa, na haisubiri hivyo. Kache hutunza nakala za vipande vinavyosomwa mara kwa mara, kama vile vya kuwashia Windows na vya kufungulia kivinjari, ili visifuatwe tena kwenye sahani. Si wewe unayechagua kipi kiingie humo. Programu ndiyo inayochagua. Ndiyo maana huwa naumia nikiona laptopu za mtumba zimeandikwa "500GB + 32GB SSD" bila maelezo, kwa kuwa mnunuzi huamini amepata SSD ya kuwekea Windows, ilhali amepata kisaidizi cha hadi diski.

Kuitambua kunahitaji utulivu kidogo. Watu wengi hufungua Disk Management, sehemu ya Windows inayoorodhesha diski, wakaona diski moja tu, wakahitimisha kwamba hakuna SSD. Kutoonekana huko hakuthibitishi kitu, kwa sababu SSD iliyounganishwa na hadi diski kwa njia ya Intel hufichwa na Windows huona diski moja. Fungua programu ya Intel Rapid Storage Technology, na humo utaona kama hadi diski inaharakishwa, kwa SSD ya ukubwa gani na kwa hali ipi. Baadhi ya watengenezaji walitumia programu nyingine iitwayo ExpressCache. Hapo SSD huonekana kwenye Disk Management ikiwa na sehemu isiyo na herufi kama C: au D:, na amri ya eccmd -info hukuonyesha jinsi kache inavyotumika. Ukiona pia sehemu ndogo iliyoandikwa Hibernation Partition, yenye ukubwa unaokaribiana na RAM yako, hiyo ni ya kuhifadhia hali ya mashine inapolala.

Mimi mwenyewe hupenda kuwasha mashine kwa fleshi yenye Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, na kuandika lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA, kwa sababu Linux huonyesha kila diski peke yake: penye 1 kwenye safu ya ROTA ni hadi diski inayozunguka, penye 0 ni SSD. Hata hivyo ishia kwenye kuangalia tu. Usifungue hadi diski hiyo ukiwa Linux wala kuandika chochote ndani yake, kwa kuwa Linux haiitambui kache ya aina hii, na utakachoandika kinaweza kugongana na kilichobaki kwenye SSD.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo lililomuumiza mwalimu. Kache ya Intel ina hali mbili. Katika hali ya Enhanced, unapohifadhi faili, taarifa huandikwa kwenye SSD na kwenye hadi diski kwa wakati mmoja, kwa hiyo hadi diski haikosi kitu. Katika hali ya Maximized, taarifa huandikwa kwanza kwenye SSD, kisha huhamishiwa kwenye hadi diski baadaye, na kasi ya kuhifadhi huongezeka kwa sababu hiyo. Ukiichomoa SSD katika hali hii ya pili, unaondoka na ukurasa wa mwisho wa daftari la mtu. Kwa hiyo kabla hujagusa bisibisi, chukua nakala ya mafaili yote, ingia kwenye programu ya Intel, chagua Disable Acceleration, subiri hadi imalize kuhamisha kilichosalia, kisha chagua Reset to Available ili SSD iwe huru. Optane Memory, kache nyingine ya Intel ya GB 16 na 32 iliyotoka mwaka 2017, nayo huzimwa kwanza kabla ya kuchomolewa.

Sasa suala la kuongeza. Mtu akiniuliza kama aondoe SSD ya GB 24 aweke ya GB 256 ili kache iwe kubwa, namshauri asifanye hivyo. Smart Response haitumii zaidi ya GB 64 kwa ajili ya kache, hata ukiweka SSD kubwa namna gani, na hadi diski inabaki kuwa ileile. Fedha hiyo inunue SSD ya inchi 2.5 ikae mahali pa hadi diski, na kache uachane nayo kabisa. Chukua mfano wa laptopu ya ThinkPad T430: nafasi yake ya kadi ya mSATA (SSD ndogo ya umbo la kadi) hupita kwenye SATA II, kizazi cha pili cha njia ya kuunganishia diski, yenye ukomo wa takriban MB 300 kwa sekunde, ilhali nafasi ya hadi diski hupita kwenye SATA III, yenye ukomo wa mara mbili ya hapo. Kama ni lazima hadi diski ibaki kwa sababu ya wingi wa mafaili, basi weka mSATA kubwa, usakinishe Windows humo, na hadi diski iwe ghala. Angalia tu usinunue kadi ya M.2 kwa nafasi ya mSATA. Zote ni kadi ndogo, lakini haziingiliani.

Kazi ya mikono ni fupi. Toa chaji na betri, fungua kifuniko, na ulegeze skrubu zinazoshikilia kadi. Ikishaachiwa, kadi ya mSATA huinuka yenyewe upande mmoja, nawe huivuta kwa mshazari uleule ilivyoinuka, bila kugusa meno yake ya dhahabu. SSD nyingi za inchi 2.5 zina unene wa milimita 7, hivyo kwenye nafasi ya milimita 9.5 weka kipande cha kujazia ili isicheze.

Ukitaka kuhamisha BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kutoka RAID, hali inayotumiwa na kache ya Intel, kwenda AHCI, hali ya kawaida ya diski, huku Windows 10 ikiwa ileile, usibadilishe moja kwa moja, kwani itagoma kuwaka. Iamuru kwanza iwake katika Safe Mode, hali ya Windows yenye mambo ya msingi tu, kupitia programu yake ya msconfig, badilisha kwenye BIOS, iache iwake mara moja ili ipate dreva mpya, ndipo uondoe amri hiyo.

Mashine ya mwalimu niliirudishia kadi yake ya zamani, kwenye nafasi ileile, bila kugusa hadi diski, nayo ikawaka. Nilinakili mafaili kwanza, nikazima uharakishaji, na ilichukua kama robo saa kumaliza kuhamisha. Kisha nikaweka SSD ya GB 500 mahali pa hadi diski. Mitihani yake ya muhula, aliyokuwa ameitunga usiku wa kuamkia siku ile kadi ilipochomolewa, ilikuwa ndani ya folda yake, yote minne.