Elimu ya Afya ya Uzazi kwa Vijana Maktabani: Maswali na Majibu

Shule zipo na zahanati zipo. Kwa nini maktaba?

Shuleni mwanafunzi huuliza mbele ya darasa zima, na zahanati mara nyingi huendewa jambo likishaharibika. Maktabani kijana huingia kama msomaji mwingine yeyote. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam na ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, imezoea wanafunzi wanaojisomea, hivyo binti mwenye sare aliyeinamia kitabu cha baiolojia hamshangazi mtu. Haja ya elimu hii si ndogo: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata ujauzito.

Je, vitabu hivi havitawachochea watoto kuanza ngono mapema?

Hapana. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliotokana na mapitio ya tafiti za nchi nyingi, unaeleza kuwa elimu ya jinsia haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Hata hapa Pwani mwali hakuachwa bila mafunzo. Somo na kungwi walikuwa na kazi hiyo, ingawa walimwandaa zaidi kwa ndoa kuliko kwa kinga. Binti wa Mbagala asiye na kungwi leo ana simu, na mzazi anayeogopa kitabu cha maktaba angefaa kuiogopa simu hiyo kwanza.

Mkutubi atafundisha nini, naye si muuguzi?

Hahitaji kufundisha. Kazi yake ni kuchagua vitabu sahihi kwa Kiswahili chepesi, kuviweka panapofikika na kujua zahanati ya jirani inayowapokea vijana bila kuwakaripia. Vitabu visifungiwe kabatini nyuma ya meza yake, kwa sababu kijana anayelazimika kutamka "magonjwa ya zinaa" huku watu wamepanga foleni nyuma yake ataaga na kuondoka. Vikae kwenye rafu ya wazi pamoja na vitabu vingine vya afya, na kijana aruhusiwe kuvisomea humo humo bila kuandikisha jina.

Linalofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni sanduku la maswali lenye kufuli: vipande vya karatasi visivyo na jina huingizwa humo, muuguzi huvijibu kwa maandishi, na majibu hubandikwa ubaoni. Chukua swali kama hili: "Nimevunja ungo mwaka jana, mwezi huu sijaona siku zangu na sijalala na mwanaume. Nina mimba?" Jibu lake ni kwamba bila kujamiiana hakuna mimba, na kwamba hedhi huweza kupishana katika miaka ya mwanzo kwa kuwa mwili bado unajipanga. Karatasi moja ubaoni itamsaidia pia yule aliyekuwa na swali hilo hilo na hakuthubutu kuliandika.

Kijana anaweza kupima VVU bila mzazi?

Ndiyo, akiwa na miaka 15 au zaidi. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019. Awali umri ulikuwa 18.

Kijana akimweleza mkutubi kwamba amebakwa?

Amsikilize bila kumhoji wala kumlaumu, na asimwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, kwa sababu ahadi hiyo haiwezi kutimizwa. Hospitali iwe ya kwanza, siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio huanzishwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, ila kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Namba hiyo iandikwe kwa herufi kubwa mlangoni na chooni, mahali ambapo kijana anaweza kuinakili bila kuonekana.