Tharia Topan wa Mizingani: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Anayetoka Forodhani, Mji Mkongwe wa Unguja, akaifuata barabara ya Mizingani kuelekea bandarini huipita Beit al-Ajaib, akaipita Kasri, akaupita na ule Mti Mkubwa uliopandwa mwaka 1911, kisha macho yake hunasa kwenye jengo refu la ghorofa lililojaa roshani za mbao, liitwalo mitaani Dispensari ya Ithnaasheri. Nakshi za roshani hizo ni nyembamba kiasi kwamba kwa mbali mtu huweza kudhani ni lasi iliyoanikwa, na jua la alasiri likipiga, vioo vya rangi vilivyotiwa juu ya madirisha humwaga wekundu na kijani sakafuni. Nimesimama pale mara nyingi nikisikiliza yanayosemwa. Mmoja husema ni kasri la Sultani, mwingine kwamba ni nyumba ya balozi wa Kizungu, na wa tatu hushusha sauti akasema kuwa mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Yote matatu yana kasoro, na hilo la tatu ndilo linalotaka maelezo marefu kuliko mengine, kwa sababu kasoro yake haimwachi huru mtu anayesemwa.

Aliyeanzisha ujenzi ule ni Tharia Topan, aliyezaliwa mwaka 1823 huko Lakhpat, katika nchi ya Kachi, magharibi mwa India, na kufariki Bombay mwaka 1891. Kwa kuwa alikufa akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani hii, wengi hudhani alikuja Unguja na mali ya baba yake ndani ya jahazi. Sivyo. Lakhpat ilikuwa bandari iliyokuwa ikifa. Tetemeko la ardhi la mwaka 1819 lilibadili mkondo wa maji ya mto Indus, maji yakaikimbia bandari, na biashara ikayafuata maji. Vijana wa miji ile walitoka kwa sababu nyumbani hapakuwa tena na cha kusubiri, wakaja na majahazi ya kaskazi, na Tharia alikuwa mmoja wao, mtoto bado. Hapa Unguja ndipo alipojifunza kazi na ndipo alipoupata utajiri wake wote.

Sasa utajiri huo ulikuwa wa namna gani? Hapa ndipo pana upotofu mkubwa zaidi, na nadhani unatokana na neno lenyewe. Leo tukisema tajiri tunamkusudia mtu mwenye fedha nyingi. Katika Unguja ya karne ya 19, tajiri alikuwa zaidi ya hapo: ni yule anayekutolea mali ukafanyie kazi, na ambaye utarudi kwake kutoa hesabu. Mtu wa safari alikuwa na tajiri wake kama mvuvi wa leo anavyoweza kuwa na mwenye chombo. Biashara hii ya mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa ukisha kuuza, ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa mji, kwani benki za kisasa hazikuwapo, na aliyetaka kwenda bara alihitaji marobota ya merikani na kaniki, mafurushi ya shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti, vitu ambavyo hakuna mpanda mlima wala mvuka mto aliyeweza kuvinunua vyote kwa fedha taslimu.

Tharia Topan alisimama katikati ya mzunguko huo. Upande mmoja alifanya biashara na nyumba za Wamarekani wa Salem, ambao ndio walioleta ile nguo ya pamba tuliyoiita merikani kwa sababu ya asili yake. Upande wa pili aliwakopesha watu wa misafara. Bidhaa ziliingia bara, pembe za ndovu zikatoka, na faida ikapatikana katika tofauti ya bei na katika nyongeza iliyowekwa juu ya deni kwa ajili ya muda na hatari. Muda wenyewe haukuwa mdogo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alianza safari yake kubwa ya tatu mnamo mwaka 1870 na hakurudi Unguja mpaka mwaka 1882, naye tajiri wake alikuwa huyu huyu Tharia. Miaka 12 ni muda mrefu wa kumngoja mdeni aliye ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambaye barua yake huchukua miezi kufika na ambaye homa au mshale mmoja ungeweza kufuta daftari zima. Anayeweza kungoja hivyo bila kufilisika ni mtu mwenye mtaji mwingi, na zaidi ya mtaji, ni mtu anayejua nani wa kumwamini.

Hapa narejea kwenye lile neno linalosemwa kwa sauti ya chini. Je, Tharia Topan alikuwa muuza watumwa? Biashara iliyompa jina ilikuwa ya mkopo, nguo, pembe na karafuu. Tangu mwaka 1860, balozi wa Uingereza, Rigby, alikuwa amekwisha kuwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaachia huru watumwa wao, na mfanyabiashara mkubwa wa Kihindi aliyeonekana waziwazi katika biashara hiyo angejitia hatarini mwenyewe. Wapo wanaosema pia kwamba aliipata mali yake kwa ushuru wa watumwa alipokuwa akiishika forodha. Tarehe zinakataa: Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa tarehe 5 Juni 1873, naye Tharia aliichukua forodha mwaka 1876.

Lakini anayeishia hapo na kusema mikono yake ilikuwa mitupu naye anapotosha. Bunduki na baruti zilizokwenda bara kwa mkopo hazikutumika kuwindia ndovu pekee. Misafara ya Tippu Tip ilivamia, iliteka na iliuza watu, na waliozibeba pembe mabegani hadi pwani hawakuwa wote wapagazi wa mshahara. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa kwa miaka mingi, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hapa visiwani mpaka mwaka 1897, miaka 6 baada ya kifo chake. Fedha ya mkopeshaji ilipita katika yote hayo, hata kama mwenyewe alikaa juu ya busati lake mjini akihesabu riali na rupia. Naona ni haki kulisema hili kwa ukamilifu, kwa sababu waliobebeshwa pembe zile hawana jengo Mizingani.

Kuhusu forodha yenyewe kuna kosa jingine dogo. Watu humtaja kana kwamba alikuwa mtumishi wa Sultani, ofisa wa kutoza ushuru. Forodha ya Unguja wakati ule ilikodishwa. Mfanyabiashara alikubaliana na Sultani kiasi maalumu cha kulipa kila mwaka, kisha akatoza ushuru wa bidhaa zinazoingia, ambao kwa mikataba na mataifa ya nje ulikuwa asilimia 5, na kilichozidi kilikuwa chake. Kwa miongo mingi mkataba huo ulikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, na Tharia aliushika kwa miaka michache tu. Aliyekuwa na forodha alijua kila robota linaloshuka na kila pembe inayopakiwa, na kwa mkopeshaji hakuna habari yenye thamani kuliko hiyo.

Cheo cha Sir nacho huwachanganya wengi, wakadhani alikuwa Mwingereza. Alipewa na Malkia Victoria mwaka 1890, mwaka mmoja tu kabla ya kufa. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa karibu wa Barghash, na mwaka 1875 alifuatana naye katika ziara ya Uingereza.

Sasa turudi kwenye jengo, kwani ndilo linaloonekana. Jina lake la mitaani, Dispensari ya Ithnaasheri, huwafanya watu wadhani kwamba Tharia Topan alikuwa Khoja Ithnaasheri, yaani Mshia wa maimamu kumi na wawili. Alikuwa Ismailia, wa dhehebu jingine la Shia. Jina hilo lilikuja baadaye, jengo liliponunuliwa mwaka 1900 kutokana na mali ya Haji Nasser Nur Mohamed, likafanywa zahanati chini huku ghorofa za juu wakikaa wapangaji. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 liliingia mikononi mwa Serikali, likachakaa mpaka roshani zikaanza kuoza, na kuanzia mwaka 1990 Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ikapewa ilitengeneze upya. Walioliona kabla na baada wanajua kazi iliyofanyika pale.

Kosa la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Husemwa kwamba Sir Tharia alijenga hospitali na maskini wakatibiwa humo chini ya uangalizi wake. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, kwa kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria kwenye kiti, na nia ya kuwatibu maskini ilikuwapo. Lakini yeye hakuliona likikamilika. Alipofariki mwaka 1891 kazi ilikuwa bado, na mwanamke mmoja, mjane wake Lady Janbai, ndiye aliyeisimamia mpaka ikaisha mwaka 1894. Kiwanda cha ujenzi cha namna ile, chenye mafundi wa mbao, wa chokaa na wa vioo, si kitu kinachojiendesha. Kila wiki kuna mshahara wa kulipa na uamuzi wa kukata, na kumwacha mume kaburini Bombay huku jengo lake likiwa nusu Unguja kungekuwa sababu tosha ya mtu kuuza mbao na kuondoka.

Wanaowatembeza wageni Mji Mkongwe huwaeleza habari za Tharia kwa ufasaha mkubwa, nami nawasikia kwa furaha. Ningependa wanapowaonyesha roshani zile wamtaje na Janbai, kwani miaka mitatu ya mwisho ya jengo lile ni kazi yake.