Mbegu za damu haziuzwi kwenye pakiti

Mama mmoja alikuja kliniki na mwanawe wa miaka 7 mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Hata kiti hakijapata joto, akafungua mkoba na kunitolea pakiti ndogo ya unga, mfano wa zile za kahawa. "Daktari, nimeambiwa hizi ni seli shina. Akinywa miezi 3, damu yake inatengenezwa upya." Alikuwa amezinunua kwa hela ya ada.

Sikumcheka. Aliyemuuzia alichukua neno la kweli akalibandika kwenye unga. Seli shina zipo, na kweli ndizo zinazotengeneza damu, ya mtoto wake na ya kila mmoja wetu. Nilimwambia akae, nikamweleza kama ninavyoeleza hapa.

Damu haikai mwilini kama maji ndani ya tangi. Seli nyekundu huishi siku kama 120, kisha huondolewa. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, hazimalizi siku 10. Seli nyeupe zilizo nyingi zaidi, zinazokimbilia bakteria, hudumu siku chache tu, pengine saa kadhaa. Kwa hiyo mtu mzima hulazimika kutengeneza seli nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana, hata akiwa amelala. Chakula huleta malighafi: madini ya chuma kutoka kwenye maini na dagaa, vitamini ya foliki kutoka kwenye mboga za majani. Juisi ya rozela haigeuki damu kwa sababu tu ni nyekundu, ingawa najua nikisema hivi nyumbani kwetu naonekana sijui kitu.

Kiwanda chenyewe ni uloto, ambao wengine huuita uboho. Ule unaougonga kutoka kwenye mfupa wa mguu wa ng'ombe ukila supu, sehemu kubwa ni mafuta. Kwa mtu mzima uloto mwekundu, unaofanya kazi, uko kwenye nyonga, kidari, mbavu, uti wa mgongo na fuvu. Ndiyo maana tukitaka kuuchunguza tunamlaza mgonjwa ubavu, tunamchoma ganzi nyuma ya nyonga, kisha tunaingiza sindano nene hadi ndani ya mfupa. Tukivuta, mgonjwa husikia maumivu ya ghafla ambayo ganzi haiyafikii, ya sekunde chache. Kwenye kioo huanguka damu yenye punje ndogo zinazong'aa kwa mafuta. Tunaifurahia ile punje kama mvuvi anavyofurahia samaki, maana bila hiyo tumevuta damu ya kawaida tu.

Punje ikisambazwa na kupakwa rangi, hadubini inaonyesha shughuli kama ya soko. Seli nyekundu changa hujikusanya kuizunguka seli moja kubwa inayozihudumia. Kadiri zinavyokomaa hujaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, kisha kila moja hufanya jambo ambalo bado hunishangaza: hukitema kiini chake, na yule mhudumu hukimeza. Pembeni utaona jitu, seli kubwa kuliko zote, inayonyoosha mikia hadi ndani ya mishipa ya damu, na mikia hiyo hukatika vipande maelfu. Hivyo vipande ndivyo chembe sahani.

Seli shina yenyewe hutaiona. Yaani ipo, lakini sura yake haitofautiani na seli nyeupe ndogo za kawaida, tena ni chache mno. Basi watu walijuaje kuwa ipo?

Mwaka 1868 daktari Ernst Neumann, aliyekuwa Königsberg, mji wa Prussia ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi, alieleza kuwa damu hutengenezwa ndani ya mifupa. Ilipita karibu karne moja kabla ya mbegu yenyewe, yaani seli shina, kuthibitishwa, na kilichoharakisha utafiti ni bomu la atomiki. Baada ya Hiroshima na Nagasaki, 1945, watu walionusurika na moto walianza kufa wiki kadhaa baadaye, wakitoka damu na kushindwa na maambukizi. Mionzi ilikuwa imeua uloto wao.

Huko Toronto, Kanada, mwanafizikia James Till na daktari Ernest McCulloch walikuwa wakiwapiga panya mionzi ya kuua uloto, kisha kuwachoma sindano ya uloto wa panya wazima ili waone ni kiasi gani kinatosha kuwaokoa. Inasimuliwa kuwa Jumapili moja McCulloch alikwenda maabara peke yake, akawapasua panya waliokuwa wamefikisha siku 10. Kwenye wengu akakuta vinundu. Wengine wangeandika "wengu umevimba" wakaenda nyumbani. Yeye alivihesabu. Idadi ya vinundu ilikwenda sambamba na idadi ya seli walizochoma, takriban kinundu 1 kwa kila seli 10,000 za uloto. Na ndani ya kinundu kimoja mlikuwa na seli za damu za aina mbalimbali.

Matokeo hayo yalichapishwa 1961. Miaka miwili baadaye, wakiwa na mwanafunzi wao Andrew Becker, walitumia mionzi kuziwekea seli alama kwenye kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, kama mfugaji anavyotia ng'ombe chapa. Seli zote za kinundu chenye alama zilikuwa na chapa ileile, kwa hiyo zilikuwa uzao wa mama mmoja. Baadaye ilibainika kwamba vingi vya vinundu vile vilitokana na watoto wa seli shina, na mama wa ukoo ni adimu zaidi. Hata hivyo kipimo kilibaki, na wawili hao, ambao kwa maoni yangu walistahili tuzo ya Nobel na hawakuipata, walitufundisha kutoiamini sura ya seli. Seli shina ya damu hutambuliwa kwa kazi: ipeleke kwenye mwili usio na uloto, na izalishe aina zote za damu huku ikijinakili yenyewe.

Unga wa kwenye pakiti haupiti kipimo hicho. Seli iliyokaushwa imekufa. Ukiinywa, iwe ya tufaha au ya mnyama, tumbo huisaga kama linavyosaga maharage. Hata seli shina hai za binadamu mwingine, zikipitishwa kwenye mshipa, mwili huzikataa kama alama za kinga za watu hao wawili hazilingani.

Ulinganifu huo ndio uliowasumbua madaktari wa mwanzo. Donnall Thomas wa Marekani alianza kupandikiza uloto kwa wagonjwa miaka ya 1950, na karibu wote walikufa. Aliendelea, akapewa Nobel 1990. Leo mgonjwa hupewa dawa kali za kuuondoa uloto wake, kisha uloto wa mchangiaji huning'inizwa kwenye mfuko na kutiririshwa mshipani kama damu ya kawaida. Hakuna anayepasuliwa mfupa ili uwekwe humo. Seli zenyewe hujua njia. Wiki 2 hadi 4 za kusubiri zile seli nyeupe zipande ndizo ngumu kuliko zote, na hata zikipanda, kinga mpya inaweza kuugeukia mwili uliozipokea. Hapa Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza uloto watoto wenye selimundu tangu 2023. Mchangiaji bora ni ndugu wa baba na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana.

Iko njia nyingine, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023: kuchukua seli shina za mgonjwa mwenyewe na kuzihariri jeni. Haigusi kosa la selimundu lenyewe. Inazima swichi iliyofunga hemoglobini ya uchanga, ile iliyomlinda mtoto tumboni na miezi yake ya kwanza. Ndiyo maana vidole vya mtoto wa selimundu havivimbi siku aliyozaliwa, mara nyingi husubiri hadi miezi 5 au 6. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, basi kwa sasa tuiache hapo. Vidonge vya haidroksiyurea navyo huiamsha hemoglobini hiyohiyo kwa kiasi, na mtoto yule alikuwa ameviacha miezi miwili kwa sababu ya unga.

Tuliviandika upya siku hiyo. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kuhusu binti yake mkubwa: akitoa uloto, si naye atabaki mgonjwa? Nikamwambia atapewa usingizi, ataumwa nyonga siku kadhaa, na kilichotolewa kitajirudisha ndani ya wiki chache, kwa kuwa mbegu zinazobaki hujinakili.

"Kwa hiyo hazimaliziki?"

"Hazimaliziki, mama. Mlete tumpime."