Wigo wa athari za pombe kwa mtoto wa tumboni: maana yake na namna unavyotambuliwa

Hili si jina la ugonjwa mmoja. Ni madhara mbalimbali anayozaliwa nayo mtoto kwa sababu pombe ilimfikia akiwa tumboni. Yanaitwa wigo kwa kuwa yanatofautiana sana. Mtoto mmoja ameguswa sura, kimo na kichwa. Mwingine anafanana kabisa na nduguze, ila alichokijua jana leo amekisahau. Hawa wa pili ndio wengi, nao ndio wanaoitwa wakaidi.

Pombe anayokunywa mama hupita kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mtoto, ambaye ini lake bado changa kuiondoa. Sura hujengwa wiki za mwanzo, mara nyingi mama hajajua kama ana mimba. Ubongo hujengwa miezi yote tisa, kwa hiyo sura ya kawaida haithibitishi kwamba ubongo umesalimika. Na kuacha pombe mwezi wowote kunamsaidia mtoto.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotoa jibu. Daktari huunganisha mambo manne: sura, ukuaji, utendaji wa ubongo, na historia ya pombe.

Kwenye sura hutafutwa dalili tatu: macho mafupi yakipimwa kwa rula kutoka kona hadi kona, mdomo wa juu mwembamba, na kijibonde cha kati ya pua na mdomo kilichosawazika. Mdomo na kijibonde hulinganishwa na kadi ya picha 5. Namba 4 na 5, zenye mdomo mwembamba zaidi na kijibonde kilichosawazika zaidi, ndizo zinazohesabika. Watu weusi wana kadi yao. Mtoto atulie, asicheke, maana akicheka mdomo hujivuta ukawa mwembamba na kijibonde kikapotea, na majibu yakawa ya uongo.

Ukuaji unahitaji uangalifu zaidi kwetu Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa. Ufupi peke yake, basi, hausemi kitu. Njoo na kadi ya kliniki yenye uzito wa kuzaliwa, na omba mzingo wa kichwa upimwe. Masikio na macho yapimwe pia, na daktari aulize kama mtoto alichoka (alikosa hewa) wakati wa kuzaliwa au mama alikuwa akitumia dawa za kifafa akiwa mjamzito, maana hayo nayo huweza kuleta dalili zinazofanana.

Historia ya pombe ndipo wengi wanapokosea. Ukiuliza, "Ulikunywa pombe?" utajibiwa hapana, kwa sababu kwa wengine pombe ni bia na konyagi; ulanzi (pombe ya mianzi) na komoni (pombe ya nafaka) kwao ni vinywaji vya nyumbani. Uliza hivi, faraghani na kwa upole: "Mama, masika ile kabla hujajua una mimba, ulanzi au komoni ulikuwa unatumia kiasi gani kwa siku?" Ulanzi uliolala huendelea kuchachuka na kuwa mkali. Ukifika asilimia 5, lita moja ina gramu 40 hivi za pombe, sawa na bia mbili za nusu lita. Mtoto mwenye dalili zote za sura, ukuaji na ubongo anaweza kutambuliwa hata historia ikikosekana. Asiye na dalili za sura, bila historia hatambuliki.

Dawa ya kuponya haipo, lakini malezi yanabadilisha mengi. Ukimwambia, "Oga, vaa sare, chukua madaftari," ataoga tu, kisha asimame. Si kiburi, yale mengine mawili yameshapotea kichwani. Mpe agizo moja, limalizike, ndipo utoe la pili. Ratiba isibadilike, na darasani akae mbele, mbali na dirisha. Fimbo haimsaidii, kwa kuwa haunganishi adhabu na kosa la asubuhi. Bibi anayelea mjukuu kama huyu aelezwe haya sawasawa na mwalimu, na afisa ustawi wa jamii ashirikishwe kuhusu shule yenye kitengo cha elimu maalumu.

Mama naye ahudumiwe, asisutwe. Akisutwa hatarudi kliniki, na mimba inayofuata itakuwa hatarini. Kama anakunywa sana kila siku, asiache ghafla peke yake: mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka hadi degedege. Apunguziwe chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya, na apewe uzazi wa mpango akiutaka hadi atakapokuwa tayari.